Zabibu za Bacchus, Solaris au Pinot Noir kwa shamba jipya la Kent, Uingereza?

Mche_Mpya: Wakuu, mimi na shemeji tumepata ekari mbili Kent, na miche inabidi tuiagize wiki ijayo. Tumebaki na hizo tatu. Ipi bora?

MamaZabibu: Bora kwa mvinyo gani, mdogo wangu? Wa kawaida au wa mapovu? Udongo je? Shamba limeelekea wapi?

Chokaa: Pinot Noir, na uongeze Chardonnay, upate mvinyo wa mapovu. Udongo wa chokaa wa kusini mwa Uingereza ni ndugu wa ule wa Champagne, Ufaransa. Watengeneza mvinyo Nyetimber walipanda Sussex mwaka 1988, na Taittinger wa Champagne wakaja kununua ardhi hapo hapo Kent mwaka 2015. Hawakufuata Solaris.

Mzee_Pipa: Taittinger wana mtaji wa kusubiri. Mvinyo wa mapovu huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, kisha hulazwa na hamira yake miezi na miezi. Na mzabibu wenyewe unataka kama miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana. Bacchus ni ya mvinyo wa kawaida: ukivuna vuli, mwaka unaofuata unauza.

Nuru77: Solaris hasumbuliwi sana na ukungu, dawa unapunguza. Denmark wameipanda kwa wingi.

Chokaa: Chotara huyo!

Nuru77: Chotara ndiyo, alizalishwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1975 kwa kazi hiyo hiyo. Kosa liko wapi?

MamaZabibu: Mnabishania mbegu, mimi niliumizwa na bonde. Aliyetuuzia miche alisema mteremko si hoja. Aprili 2017, usiku wa manane, baridi kali ikashuka, tukawasha mishumaa ya shambani kuifukuza mpaka ikatuishia. Hewa baridi ni nzito, inatiririka chini kama maji. Asubuhi mistari ya juu ilikuwa kijani. Ya chini, kila chipukizi jeusi, laini kama mchicha uliochemshwa. Nililia. Na Solaris huchipua mapema, Chardonnay pia.

Mche_Mpya: Samahani, sikusema. Shamba linashuka hadi kijito, na chini kuna ua mnene wa miti.

MamaZabibu: Huo ua unaizuia baridi isitoke! Fungua pengo kabla ya kuagiza mche hata mmoja.

Mzee_Pipa: Na ekari ya chini iache nyasi.

Chokaa: Ya juu weka Pinot Noir.

Mzee_Pipa: Bacchus, Chokaa. Bacchus.

Mche_Mpya: Ua ni wa jirani. Kuna aliyewahi kuzungumza na jirani jambo kama hili?