Maktaba ya nyenzo za tamaduni mbalimbali kwa walimu tarajali: tupangeje?

Barani_Mwl
Wanajamvi, salaam. Chuo chetu hapa Malindi kimetupa chumba cha mita 4 kwa 5, dirisha moja linatazama baharini, tuweke maktaba ya nyenzo. Walimu tarajali wakienda mazoezi ya kufundisha, mmoja hupangiwa Shela, mwingine Magarini, mwingine Mpeketoni. Darasa moja unakuta Wagiriama, Wabajuni, Waorma na watoto wa waliokuja kutoka bara. Tunataka hadithi za wazee, vyombo vya nyumbani na picha. Tupange kwa kabila? Na chumvi ya hapa tutaishinda vipi?

Mkutubi_Amu
Mwalimu, usipange kwa kabila. Anayekuja kuazima anajua kesho anafundisha nini. Kabila silo analolitafuta. Sanduku lililoandikwa "Wagiriama" litatoka siku ya utamaduni, kisha likae mwaka mzima. Panga kwa mada za mtaala: nyumba, chakula, safari, mavazi, hesabu za sokoni. Kila sanduku liwe na vitu vya jamii tatu au nne. Vitabu vipe namba za Dewey, yaani mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada: hadithi za jadi 398.2, vitendawili 398.6, methali 398.9. Hapo Kigiriama na Kiswahili vitakaa rafu moja.

Sanduku liwe la plastiki lenye mfuniko, la lita 40, vitu visizidi 10 na uzito usipite kilo 8, maana litapanda bodaboda na pengine mashua. Orodha ibandikwe ndani ya mfuniko. Karatasi iliyowekwa tu hupotea safari ya kwanza.

Kazi kubwa ni kadi. Kila kitu na kadi yake, hivi:

*Mbuzi ya kukunia nazi. Mti na chuma. Imetolewa: Malindi. Hutumika majumbani kwa Waswahili na kwa Wamijikenda. Darasani: Gredi ya 3, neno moja maana mbili. "Mbuzi amepotea" na "mbuzi imepotea": watoto waeleze kipi kimepotea na wamejuaje. Tahadhari: meno makali, yafungwe kitambaa.*

Bila kadi, mwalimu mgeni ataiinua, watoto watasema "hata kwetu ipo", na somo limeishia hapo.

Ukili_na_Mkindu
Nijibu la chumvi. Rafu zikae sentimita 10 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni. Dirisha moja halipitishi hewa, kwa hiyo toboeni matundu ya hewa juu ya ukuta wa pili. Nunueni kipima unyevu: kikikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaanza. Pini za stepla huku huota kutu na kula karatasi, basi vijitabu vishoneni kwa uzi. Seloteipu msiitumie kabisa, gundi yake hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka.

Mikeka, vikapu na kofia huja na wadudu ndani ya msuko. Funga kitu kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukikitoa, mfuko usifunguliwe mpaka siku nzima ipite. Ukifungua mapema, umande utatua juu ya ukili wenyewe, na umejiletea ukungu. Ngoma iliyowambwa ngozi isiingie humo, ngozi itapasuka.

Kayani
Kwenye hadithi za wazee, rekodini kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), mkondo mmoja wa sauti, 44.1 kHz, biti 16. Dakika 10 ni kama MB 50. Msitumiane kama sauti ya WhatsApp, inabanwa na ubora unapotea. Wekeni nakala tatu, moja nje ya chuo. Kabla ya kurekodi, mwulizeni mzee: jina lake litajwe? Isikike darasani tu au hata mtandaoni? Akiwa hayupo, ruhusa iombwe kwa nani?

Mkiandika, andikeni alivyosema. Bibi wa Amu (Lamu) akisema "ndia" na "moya", msimgeuzie kuwa "njia" na "moja". Kiswahili sanifu kikae ukurasa wa pili, mkabala. Mkimsahihisha, mjukuu wake darasani atajifunza kwamba usemi wa nyumbani kwao ni kosa, na hilo ndilo maktaba hii imeundwa kulizuia. Majina ya jamii nayo yawe wanayojiita wenyewe: Aweer, si Waboni.

Na vigango msiweke, hata kimoja. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, Wamijikenda huisimamisha kwa ajili ya marehemu. Vingi viliibwa huku Pwani vikauzwa kwa wageni, na vingine vimerudishwa kutoka makumbusho ya Marekani. Hata picha yake, waulizeni kwanza wazee.

Barani_Mwl
Nimewasoma nyote, ahsanteni. Tuanze na masanduku mangapi?

Mkutubi_Amu
Matano, kila moja liazimwe wiki 2 na si muhula mzima. Kwenye orodha ya mfunikoni acheni safu tupu, mwalimu aandike alichotumia na alichokirudisha bila kukigusa. Sanduku la sita lijengeni baada ya kuzisoma safu hizo.