Tupeane uzoefu: riwaya za upelelezi zilikukuta wapi na zikakufanya nini?

Kandambili Moja
Wakuu, habari za jioni. Leo nimefungua sanduku la marehemu baba nikakuta Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ile ya 1965. Karatasi zimekuwa rangi ya chai na ukurasa wa mwisho haupo. Nikakaa pale pale sakafuni nikasoma mpaka umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu. Ajabu ni kwamba wala sikuumia sana kwa ule ukurasa. Raha yangu ilikuwa kumfuata Inspekta Wingo nyuma nyuma, anatoka kwa huyu anaenda kwa yule. Haya, tupeane uzoefu.

Pweza Mkavu
Umenikumbusha mbali! Bwenini kitabu kimoja kilikuwa na foleni ya watu kumi na wawili. Mimi wa kumi na moja. Aliyenitangulia akaandika jina la muuaji ukurasa wa pili kwa kalamu nyekundu. Tumezeeka sasa, na bado simsalimii.

Mama Wawili
Hahaha, hao kila shule walikuwepo.

Mtoto wa Makorora
Willy Gamba ndiye baba lao. Kikosi cha Kisasi cha Musiba nilikisoma darasa la saba, nikazunguka Kinshasa yote bila pasipoti.

Karani Mstaafu
Kijana, Willy Gamba ni jasusi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mtu na kiko chake. Hakuna hata mmoja kati yao anayesaini kitabu cha zamu. Polisi hasa ni huyo Wingo wa mleta mada.

Mtoto wa Makorora
Kwa hiyo tusiwasome kwa sababu hawana kofia?

Karani Mstaafu
Wasome, ila usiwaite polisi. Utamu wa riwaya ya polisi ni kwamba mpelelezi ana bosi juu yake, ana jalada mezani na ana wenzake wanaomkera. Wale wenza wawili wa Uswidi, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliandika vitabu kumi kati ya 1965 na 1975. Mpelelezi wao, Martin Beck, tumbo linamsumbua, ndoa inamsumbua, na kesi ya kwanza tu inamla miezi. Hakuna anayeruka dirishani. Unasoma watu wakingoja simu, na huwezi kukiweka chini.

Nyota ya Matrah
Bwana Msa msimguse. Mzimu wa Watu wa Kale babu alikuja nacho huku Muscat kutoka Unguja, na mama akitusomea sote sebuleni. Giningi ya hadithi za Bwana Msa naijua kabla sijaikanyaga Unguja. Na kama mwataka polisi, Inspekta Seif si yumo mle mle?

Karani Mstaafu
Yumo. Lakini anayefumbua fumbo ni nani?

Nyota ya Matrah
Sasa unafanya ubishi wa barazani.

Fundi Saa
Mimi zilinitia aibu ambayo sijawahi kuisimulia. Mwaka 2006, nyumba ya kupanga Manzese, vyumba nane, choo kimoja, ua mmoja. Nilikuwa nimeshiba hizo riwaya, najiona inspekta kamili. Hela yangu ya kodi, elfu sitini, ikapotea chumbani. Kufuli zima. Nikachora ramani ya nyumba kwenye daftari, nani alikuwa wapi saa ngapi. Kitasa nikakipaka unga wa mkaa nitafute alama za vidole, nikaambulia mikono myeusi.

Jumapili nikawaita wote uani. Nikasimama kama wanavyosimama kwenye sura ya mwisho. Wewe ulikuwa bombani, wewe ulikuwa kilabuni, nawatoa mmoja mmoja, mpaka nikabaki na fundi cherehani wa chumba cha mwisho. Mtu mpole, haongei. Kwa akili yangu ule upole ndio ulikuwa ushahidi. Vijana wakaingia kwake, begi likamwagwa mchangani. Suruali mbili, msahafu, picha ya mtoto, na kopo jeupe la dawa. Kopo likabingirika mpaka miguuni kwa mama mwenye nyumba. Miaka ile kila mtu pale uani alijua ni dawa gani. Kimya. Yule bwana akaja akaliokota, akalifuta mchanga kwa pindo la shati, akaingia ndani. Hela hatukuiona.

Alhamisi akahama. Wiki ya pili yake mtoto wa mwenye nyumba ananirudishia riwaya niliyomwazima, ananiambia anko, humu mna hela. Noti sita za elfu kumi. Nilizitia mwenyewe pale nilipoishia, usiku umeme ulipokatika.

Mama Wawili
Dah.

Chapati ya Jana
Chai hii. Nani anaweka alama kitabuni kwa elfu sitini?

Fundi Saa
Mtu aliye gizani, hela mkono mmoja na kitabu mkono mwingine.

Mzee wa Jalada
Nimefanya upelelezi miaka 26, nimestaafu. Kosa la kwanza: mlalamikaji naye huhojiwa kama wengine. La pili: upekuzi hufanywa mbele ya shahidi huru, kinachochukuliwa kinaandikwa na watu wanasaini. Begi la mtu halimwagwi mbele ya halaiki. Riwaya nyingi zinaruka sehemu ya kuandika, na kuandika ndiko nusu ya kazi.

Chapati ya Jana
Na nusu nyingine ni "upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa".

Mzee wa Jalada
Hiyo nimeisema mahakamani mara nyingi kuliko jina la mke wangu.

Pweza Mkavu
Fundi Saa, mtafute umwombe radhi.

Mama Wawili
Amtafute ili iwe nini? Amfungulie kidonda upya? Amwache mtu wa watu.

Mtoto wa Makorora
Elfu sitini toa sadaka. Au ninunulie vitabu mimi.

Fundi Saa
Nilimtafuta Mbagala, wakaniambia ameenda kwao Lindi. Niliishia hapo.

Nyota ya Matrah
Na hicho kitabu ulikimaliza?

Fundi Saa
Kipo kabatini. Niliishia pale pale hela ilipokuwa.

Kandambili Moja
Wakuu, poleni kuwakatisha. Nani ana Simu ya Kifo iliyotimia? Naomba picha ya ukurasa wa mwisho tu. Nimedanganya pale juu, umeniuma.

Pweza Mkavu
Ninayo. Nikuandikie jina kwa kalamu nyekundu?