Filamu ya Vita vya Kagera tunaipigia Monduli, na dairekta anataka twiga. Ninyamaze?

Chalii wa Sakina:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa tisa huu. Februari hii safari zimekuwa chache, nikapata kibarua kwenye filamu: natafuta sehemu za kupigia picha na kuangalia wanyama wasituletee balaa. Filamu inahusu Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Bajeti haifiki Bukoba, kwa hiyo Kagera yetu iko Monduli.

Siku ya kwanza tu nikachoka. Wanajeshi wanaelekea Kyaka, Novemba 1978, buti zinatimua vumbi. Nyuma yao migunga, nyasi za njano, na Mlima Meru umekaa hapo mzima mzima na mita zake 4,500 na ushee. Dairekta anataka na twiga wakatize mbele ya msafara, eti mtazamaji ajue hii ni Afrika. Mtazamaji mwenyewe yuko Muleba na Mbagala! Kwenye kompyuta ya mtu wa sauti kuna simba anayenguruma saa sita mchana, na ndege wa "msituni" anayecheka kama mlevi. Huyo ndege namjua. Mwaka juzi mgeni wangu Mwaustralia alinichezea sauti yake kwenye simu tukila chakula cha mchana Ngorongoro, akanifundisha na jina: kookaburra. Ni wa huko kwao, huku hajawahi kutia mguu.

Nikasema. Nikajibiwa, "Kaka, hatutengenezi makala ya wanyama. Nani atagundua?" Nalipwa kwa siku na kodi ya nyumba nadaiwa. Ila baba yangu mdogo alipigana vita hivyo, na ameshaapa siku ya uzinduzi anakaa kiti cha mbele. Nichukue changu ninyamaze, au niseme? Na kama ni kusema, nianze na lipi?

Mbeba Mahema:
Chukua hela, chalii. Tumekua tukiangalia Vietnam ya sinema iliyopigwa Ufilipino na hakuna aliyekufa.

Omwana wa Misenyi:
Hakuna aliyekufa kwa sababu wewe si Mvietnam. Mimi ni wa Misenyi. Kwetu Novemba ni mvua. Migomba inafika mlangoni, mibuni iko chini yake, na ukishuka mtoni unakuta mafunjo yamemzidi mtu kimo. Hilo vumbi ni la kwenu.

Na kama dairekta anatafuta mnyama, mnyama wa vita vile ni ng'ombe. Askari wa Amin walizoa ng'ombe kwa maelfu wakawaswaga kuvuka nao Uganda. Mpelekee hilo. Kundi linaswagwa gizani, mwenye mali kajificha kwenye migomba anahesabu wake wakipita. Hakuna twiga atakayefikia hapo, na ng'ombe Monduli hamkosi.

Chalii wa Sakina:
Kwa hiyo nimwambie Kagera hakuna twiga kabisa?

Darubini:
Usithubutu, utaumbuka. Burigi twiga wapo. Lakini Burigi iko kusini huko, siyo njiani kwenda Kyaka. Sema hivyohivyo. Ukizidisha kidogo tu, hata la simba hatakuamini.

Mama Rau:
Mwanangu, mnahangaika na Monduli ya nini? Njooni Moshi. Old Moshi, Kibosho, Marangu, kote migomba na kahawa bwelele. Kwa mto, Kahe kuna chemchemi na matete. Kamera iupe Mlima Kilimanjaro mgongo, iangalie bondeni, basi.

Na mlima wenyewe una nafasi yake kwenye hadithi hiyo. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa Moshi kupanga serikali ya kumrithi Amin. Hapo onyesheni kilele cha Kibo mpaka mchoke. Ila msininunulie picha ya Amboseli! Ukisimama Moshi, kile kilele kingine, Mawenzi, kiko kulia kwa Kibo. Ukikiona kushoto, wewe uko Kenya. Hilo kosa limenifukuza mbele ya televisheni mara ngapi, wanangu wananiona kichaa. Na barafu iwe nyingi kuliko ya leo.

Mgambo Mstaafu:
Kijana, mimi nilikuwepo. Ninachokumbuka ni tope na mbu. Simba sikumsikia hata mmoja. Mizinga ikishaanza kulia, mnyama gani anabaki? Mwambie huyo wa sauti aweke vyura. Usiku vyura walikuwa wanapiga kelele mpaka unashindwa kumsikia mwenzako. Tulichoogopa ni wakinyamaza ghafla upande mmoja, maana kuna mtu anatembea kwenye maji.

Chalii wa Sakina:
Shikamoo mzee. Hilo la vyura nampelekea kesho asubuhi kama lilivyo.

Fundi Lenzi:
Angalizo. Mkinunua picha za droni za mto Kagera au Ziwa Victoria, kagueni magugu maji. Yalianza kusumbua ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo 1978 yasionekane. Mtu anaweza kwenda mpaka Kyaka yenyewe na bado akakosea.

Kuhusu dairekta: nia unayo, sababu unayo, ila uwezo anao mwenye kamera. Usimpinge mbele ya watu. Mfuate pembeni, na ukiondoa kitu uwe na cha kuweka badala yake. Twiga anamtaka sana? Basi askari mmoja awe mtoto wa Monduli, na twiga awe kumbukumbu ya kwao.

Chalii wa Sakina:
MREJESHO, wakuu. Tumegeuza kamera, Meru haipo tena. Moshi bajeti imegoma, ila tumepata siku mbili kwenye migomba ya Tengeru. Simba kafutwa. Vyura tumewarekodi jana usiku kando ya Ziwa Duluti. Tulikaa kimya saa nzima mbu wakitutafuna, mtu wa sauti akasogeza mguu majini, wote wakanyamaza. Aligeuka akaniangalia, hakusema neno. Ng'ombe tunawaswaga Jumamosi.

Twiga kabaki, ila sasa ni ndoto ya koplo wa kutoka Monduli. Kookaburra bado tunabishana, jamaa anasema ameshamlipia.