Naomba ushauri: galanthus chini ya Cornus kwenye udongo wa mfinyanzi

Wadau mlioko Uingereza, naombeni ushauri. Nataka kupanda galanthus (snowdrop, vimaua vyeupe vinavyoota kutoka kwenye tunguu) chini ya Cornus alba 'Sibirica', kile kichaka chenye fito nyekundu, kama bustani ya majira ya baridi ya Anglesey Abbey pale Cambridgeshire. Galanthus nitapanda mwishoni mwa Februari, maua yakinyauka na majani yakiwa bado mabichi, kina cha sm 10. Nafanya hivyo kwa sababu matunguu yake makavu ya dukani mara nyingi hayaoti. Udongo ni mfinyanzi, maji hutuama. Cornus hajali, galanthus huoza. Nichanganye mboji ya majani na changarawe, au niinue tuta sm 15?

Halafu Cornus hukatwa Machi, rangi kali ikitoka kwenye fito changa, na ndipo majani ya galanthus yanalisha tunguu lake. Niache nafasi gani nisiyakanyage?