Baba ameambiwa ana ugonjwa wa MSA: naomba kueleweshwa dalili zake na namna ya kumtunza nyumbani

BintiMakorora:

Assalaam alaykum wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Ninaomba ushauri kwa ajili ya baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, ambaye tunaishi naye hapa Makorora, Tanga. Ugonjwa ulianza kwa mkono wa kulia kukakamaa na hatua zake kuwa fupi, akaambiwa ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, na akaanzishiwa vidonge vya levodopa, lakini hakupata nafuu ya maana hata baada ya dozi kuongezwa. Wakati huohuo haja ndogo ilianza kumsumbua: mara inamtoka kabla hajafika msalani, mara anakaa huko muda mrefu na hapati kitu. Kliniki moja ikasema ni tezi dume na ikapendekeza upasuaji. Kisha kukaja kuanguka. Akiinuka kitandani alfajiri, au akinyanyuka kutoka kwenye sijda, anasema macho yanaingia kiza, shingo na mabega vinamuuma, halafu miguu inaisha nguvu. Usiku anapiga kelele na kurusha mikono akiwa usingizini, jambo ambalo limewafanya baadhi ya jamaa waamini kwamba ana jini.

Hatimaye tulipata rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimsikiliza kwa utulivu, akampima presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, akaangalia picha za MRI, akatuambia kwamba huenda yote haya ni ugonjwa mmoja unaodhoofisha mifumo mingi ya mwili, unaoitwa kwa kifupi MSA. Tulirudi Tanga na jina hilo, lakini hatukuuelewa vizuri ugonjwa wenyewe. Inakuwaje mkono, kibofu, presha na usingizi viwe na chanzo kimoja? Aidha, kwa miaka mingi baba alikatazwa chumvi kwa sababu ya presha ya kupanda, na sasa ameambiwa aongeze. Mama anapika chungu kimoja kwa nyumba nzima na hajui amsikilize daktari yupi. Nitashukuru kwa atakayetufafanulia.

Muuguzi Mstaafu:

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Pole sana, na mpe baba pole zangu.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanategemea hilo. Katika ugonjwa huu, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya ndani ya seli za ubongo, hasa zile zinazotengeneza ganda la mafuta linalozunguka nyuzi za neva. Seli hizo zikiharibika, nyuzi zinazozitegemea nazo hudhoofika. Maeneo yanayoathirika zaidi ni yale yanayoongoza mwendo, ubongo mdogo wa kisogoni unaoshika mizani ya mwili, na vituo vya neva vinavyoendesha mambo tusiyoyaamuru wenyewe: presha, kibofu, choo, jasho na nguvu za kiume. Ndiyo maana mgonjwa huzunguka kliniki nyingi, kila moja ikitibu kipande chake. Hata madaktari wa zamani waliuona kama maradhi matatu mbalimbali, mpaka mwaka 1969 wataalamu Graham na Oppenheimer walipopendekeza kuyaweka chini ya jina moja. Kwa baadhi ya wagonjwa kinachotangulia ni kukakamaa na mwendo mzito kama alivyoanza baba. Kwa wengine ni kuyumba na kuzungumza kwa ulimi mzito. Levodopa kutofanya kazi vizuri, pamoja na matatizo ya kibofu na presha yanayojitokeza mapema, ndiyo mambo yanayomfanya daktari aushuku ugonjwa huu badala ya Parkinson ya kawaida. Hata hivyo, msiache vidonge hivyo ghafla bila daktari kusema.

Kuhusu upasuaji wa tezi dume, ninakusihi msikubali kabla daktari wa njia ya mkojo hajaiona taarifa ya yule bingwa wa mishipa ya fahamu. Wanaume wengi wenye ugonjwa huu hufanyiwa upasuaji huo na kubaki na hali mbaya zaidi, kwa sababu tatizo liko kwenye neva za kibofu. Ombeni apimwe mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Ukibaki mwingi, mgonjwa au mlezi hufundishwa kuutoa kwa mpira mwembamba unaoingizwa na kutolewa mara kadhaa kwa siku, na hilo hupunguza sana maambukizi. Ipo pia dawa ya kulegeza njia ya mkojo, tamsulosini, ambayo inaweza kuishusha presha yake zaidi. Kama anaitumia, mwambieni daktari.

Sasa chumvi. Daktari wa kwanza aliona presha ya mtu aliyekaa au kulala, wa pili aliona presha ya mtu aliyesimama, na kila mmoja alisema ukweli wa alichokiona. Mtu mzima wa afya akisimama, neva huiamuru mishipa ya damu ibane ili damu isishukie miguuni. Kwa baba amri hiyo haifiki. Kipimo kinachotumika ni kwamba presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hilo ni tatizo. Yale maumivu ya shingo na mabega ni misuli inayokosa damu ya kutosha, na humpa onyo la kukaa chini kabla hajaanguka. Nunueni mashine ya kupimia presha ya mkononi, mmpime akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, asubuhi na jioni, na muandike kwenye daftari. Chumvi aongezewe kwenye sahani yake mwenyewe, si kwenye chungu, na kwa kiasi kilichotajwa na daktari baada ya kuhakikisha kwamba moyo na figo zake ni salama. Mama aendelee kupika kama kawaida yake.

Mkazi wa Pongwe:

Dada yangu, pole. Nilimuuguza mke wangu mwenye ugonjwa huu hadi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa hiyo nitasema yale ya nyumbani tu.

Miguu ya kitanda ya upande wa kichwa tuliipandisha kwa matofali ili alale kwa mteremko. Kuongeza mito hakutoshi, kwa sababu shingo hukunjika na kiwiliwili kinabaki tambarare. Mteremko huo unazuia presha isipande sana usiku na unapunguza mkojo wa usiku, hivyo mgonjwa anaamka na maji mwilini. Kabla hajaketi, alikunywa maji karibu nusu lita kwa mkupuo mmoja, akasubiri kidogo, akaketi ukingoni huku akichezesha vifundo vya miguu na kukaza mapaja, ndipo akasimama akiwa ameshika mkono wangu. Maji hayo humsaidia mgonjwa wa namna hii kwa muda mfupi, lakini ndio muda anaouhitaji kufika msalani.

Saa mbaya kwake ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Sahani kubwa ya wali au bada huvuta damu tumboni, na joto letu la Tanga, hasa miezi ya kaskazi, hupanua mishipa. Nikampa chakula kidogo mara nyingi zaidi, na baada ya kula alipumzika kitini badala ya kutembea uani. Kuoga maji ya moto na kukaa juani tuliacha kabisa. Choo kigumu nacho kitibiwe mapema, kwa sababu kujikamua kunaweza kumzimisha palepale chooni.

Jambo moja wengi hawalisemi. Uso wake ulikuwa hauonyeshi hisia kwa kukakamaa na sauti ilikuwa imefifia, wageni wakadhani hana fahamu timamu na wakaanza kumzungumzia mbele yake. Alikuwa anaelewa kila neno. Tafadhali, mwendelee kushauriana na baba yenu mambo ya nyumba.

Mzee wa Chumbageni:

Wajukuu zangu, mimi sipingani na hospitali. Lakini mtu anayepiga kelele na kupigana usingizini, kwetu hapa husomewa dua. Sioni vibaya yote mawili yakifanyika.

Muuguzi Mstaafu:

Shikamoo mzee wangu. Dua haina ubaya na humtuliza mgonjwa. Ninachoomba ni asinyweshwe miti shamba ambayo daktari haijui wala asifukizwe kwenye chumba kilichofungwa, kwa kuwa kifua chake hakiko salama. Mtu mwenye afya, anapoota, misuli yake hulegezwa na ubongo ili asitende anayoyaota. Katika ugonjwa huu kizuizi hicho huondoka, na wakati mwingine huondoka miaka mingi kabla ya dalili nyingine. Ondoeni vitu vyenye ncha karibu na kitanda, na mama alale kitanda kingine cha pembeni. Daktari anaweza kuandika dawa ikihitajika.

BintiMakorora:

Ninawashukuru nyote. Leo mama ametenga kibakuli cha chumvi cha baba peke yake, na kitanda tumekiinua. Nina mambo mawili yaliyobaki. Baba hataki kuacha kuswali kwa kusimama wala kufunga Ramadhani. La pili ni kwamba siku hizi anapaliwa na maji, na akiwa amelala anatoa sauti nyembamba kama filimbi anapovuta pumzi, tofauti na kukoroma alikokuwa nako zamani.

Mkazi wa Pongwe:

Kuhusu sala, Mtume ameelekeza kwamba asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kulisha maskini badala ya kufunga. Mke wangu alikubali aliposikia hayo kutoka kwa imamu mwenyewe, si kwangu. Mleteni imamu nyumbani.

Muuguzi Mstaafu:

Mwanangu, hiyo sauti ya filimbi usiichukulie kama kukoroma. Inaashiria kwamba nyuzi za sauti hazifunguki vizuri anapovuta hewa, na katika ugonjwa huu ni dalili ya hatari inayoweza kuziba pumzi usingizini. Mrekodi kwa simu usiku wa leo, sauti na kifua vyote vionekane, na mrudi kwa daktari wiki hii bila kusubiri tarehe ya kliniki. Anaweza kuhitaji mashine ya kumsukumia hewa anapolala, na kwa baadhi ya wagonjwa tundu hufunguliwa kooni. Akibadilika rangi midomo au akihangaika kupumua, mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo. Kuhusu kupaliwa, ale akiwa ameketi wima, kidevu kikielekea kifuani, asizungumze na chakula mdomoni, na vinywaji mvifanye vizito kidogo kama uji mwepesi. Hata yale maji ya alfajiri ya kunywa kwa mkupuo myasimamishe mpaka daktari aangalie umezaji wake.

Ulizeni pia, yeye akiwepo na akiwa bado anaweza kusema, angependa nini kifanyike pumzi au kumeza kukishindikana. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuzuia, na kwa wengi huenda kati ya miaka 6 na 10 tangu dalili za mwanzo, ingawa wapo wanaopindukia. Jibu lake liandikwe kwenye daftari lilelile la presha ili kila daktari atakayemwona alisome.