Uliyesomeshwa kwa ufadhili hapa Dar, ulimshukuruje aliyekulipia? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu, heshima zenu. Niko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, mwaka wa tatu, uhandisi, na ada yangu inalipwa na Samia Scholarship, ule ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri kidato cha sita kwenye sayansi. Si mkopo, haurudishwi. Nisingeupata, saa hizi ningekuwa Ngara napalilia migomba, cheti cha daraja la kwanza kiko kabatini.

Shida ni mama. Tangu niingie chuo anauliza, "Huyo anayekulipia tumpelekee nini?" Nikimwambia ni serikali, anajibu serikali nayo ina watu. Ametenga debe zima la maharage. Mliosomeshwa, nyie mlishukuruje?

Binti wa Chang'ombe
Mimi nimesoma DUCE, chuo kishiriki cha elimu hapa Chang'ombe, nikilipiwa na mzee mmoja wa Uholanzi kupitia parokia yetu. Sharti lilikuwa barua kila muhula. Za mwanzo zilikuwa zilezile: asante sana, Mungu akubariki, matokeo haya hapa. Safari moja akajibu kwa upole kwamba matokeo anayapata kwa padri, yeye anataka kujua nakula nini na nalala wapi.

Nikafunguka. Nikamweleza habari za kubebana: kitanda ni cha mmoja, tunalala wawili mzungu wa nne, na mlezi wa hosteli akipita kukagua mmoja wetu anajifanya amekuja kuazima desa, yaani notisi. Nikamweleza mama ntilie wa nje ya geti, ambaye ukiishiwa anakupakulia wali maharage bila maneno na kuandika kwenye daftari lake. Nikamweleza pia kwamba Simba na Yanga wakikutana Kwa Mkapa, sisi majirani wa uwanja hatusomi, tunasubiri kelele zituambie nani kafunga.

Ile barua aliijibu kwa kurasa nne. Ada iliisha zamani, nafundisha sasa, ila bado tunaandikiana, na swali lake la kwanza siku hizi ni Yanga imetokaje. Mdogo wangu, kama kuna mahali pa kuwaandikia hao wa ufadhili, waandikie mambo kama hayo. Risala ya "natoa shukrani zangu za dhati" wanazo za kutosha.

Mdau wa Ubungo
Maharage mpeleke mwalimu wako wa hesabu wa sekondari. Aliyekufundisha ndiye aliyekupa hiyo skolashipu, wengine wamelipa tu.

Mleta uzi
@Mdau, umechelewa. Mama kaniambia mzigo umeshapanda basi, nikaupokee Magufuli stendi. Na hosteli hawaruhusu kupika!

Mkongwe wa Mabibo
Dogo una bahati. Sisi wa Bodi ya Mikopo huambiwa anayekukopesha hashukuriwi, analipwa. Na kweli nalipa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla sijauona. Lakini nashukuru vilevile, kwa sababu baba yangu alikuwa anauza mkaa na hakuna benki ambayo ingemkopesha mtoto wake bila hati ya nyumba.

Enzi zangu hela ya kujikimu ilikuwa 7,500 kwa siku, siku hizi mnapata 10,000. Boom, yaani hiyo hela, likiingia, hosteli ya Mabibo nzima inanukia chipsi kuku. Vijana wanabadilisha simu, wanapanda bodaboda hata kwenda Mlimani City. Baada ya hapo kimya, mihogo inarudi. Mimi nilikuwa nikisaini tu naenda kwa mama ntilie wangu kulipia chakula cha mchana mpaka boom lijalo, ndipo nakumbuka kwamba na mimi ni kijana. Waliniita mzee. Sikuwahi kulala njaa wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, na wiki hiyo ndiyo inayoamua nani anasapua, yaani anarudia mtihani, na nani anadisko, yaani anafukuzwa chuo.

Mpwa wa Mbagala
Nyie mmefadhiliwa na watu wa mbali, mmepona. Mimi kanisomesha mjomba.

Nilikaa kwake Rangi Tatu nikisoma IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Kitanda changu kilikuwa kochi la sebuleni, kwa hiyo usingizi ulianza pale mjomba alipomaliza taarifa ya habari, uchambuzi wa mpira, na marudio ya uchambuzi wa mpira. Alfajiri nagombania daladala ya Posta, mkoba kifuani. Ada alilipa kwa kuuza kiwanja chake cha Chamazi, na hilo nililijua kwa shangazi, yeye hakuwahi kulitamka.

Sasa hivi analitamka. Kila shughuli ya ukoo ananisimamisha: "Huyu mnayemwona nimemsomesha mimi." Kisha anataja kiwanja na kingeuzwa bei gani leo. Iwe ndoa, msiba au ubarikio, nasimamishwa. Mke wangu hucheka mpaka machozi. Mimi nasimama, nainama kidogo, nakaa. Alichosema ni kweli, na suti ninayosimama nayo imetokana na hicho kiwanja.

Jumamosi ijayo anamwoza binti yake. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, sikuulizwa.