Kijiji cha Jambur huko Gir, Gujarat: kina watu wangapi na nafikaje bila gari?

mgeni_rajkot:
Habari wakuu. Niko chuo hapa Rajkot, likizo ya Diwali nataka niende Jambur, kile kijiji cha Wasidi karibu na Talala, wale ndugu zetu wenye asili ya Afrika. Sasa nimegugo idadi ya watu kila tovuti inanipa namba za 2011, hivi kweli hakuna za karibuni? Na usafiri ukoje, maana ramani inanionyesha barabara tu, haisemi basi linapita saa ngapi. Tuko wawili, bajeti ya mwanafunzi.

mtu_wa_takwimu:
Mkuu hizo za 2011 ndizo za mwisho. India huhesabu watu kila miaka 10, ya 2021 ikakwama na korona, wakaisogeza weee mpaka ikapangiwa tarehe 1 Machi 2027. Kwa hiyo ukiona tovuti imeandika "Jambur 2025 ina watu kadhaa" ujue wamechukua ya 2011 wakaongezea asilimia zao wenyewe. Kinachonichekesha ni simba wa huko huko Gir, 2020 walihesabiwa 674, 2025 wakafika 891, yaani simba ana takwimu mpya kuliko binadamu jirani yake 😂

Ukitafuta jedwali la kijiji usiende kwenye wilaya ya Gir Somnath, utakosa. Hiyo wilaya imemegwa Agosti 2013, sensa ya 2011 inakiweka Jambur chini ya Junagadh. Humo utakuta kaya, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6 na safu ya ST, yaani makabila yaliyoorodheshwa na serikali kwa ulinzi maalum. Wasidi wa upande huo wamo kwenye ST ila hawako peke yao, usije ukaisoma kama ndiyo hesabu ya Wasidi.

Na hizo namba si za mapambo. Mpango wa barabara za vijijini ulioanza Desemba 2000 (wenyewe wanauita PMGSY) ulilenga vijiji vya watu 500 kwenda juu sehemu za tambarare na 250 milimani, mkihesabiwa pungufu mnaendelea kula vumbi.

bi_somnath:
Mdogo wangu kutoka Rajkot ni rahisi. Panda treni ya Veraval, inapita Junagadh, ukishuka Veraval chukua basi la serikali la kwenda Talala, wao wanaliita "ST bas" (ST hapa ni State Transport, si ile ya makabila) na ni bei poa. Talala kuna stesheni pia, ipo kwenye njia ya Junagadh kwenda Delvada, reli nyembamba ya mita moja kama ile ya kati ya zamani kwetu, inakatiza msitu wa Gir, nzuri kwa macho ila mwendo wa kobe, na ulizia kwanza stesheni siku hiyo inatembea au la.

Talala mpaka kijijini ndo utakutana na chhakdo. Mbele ni pikipiki kabisa, usukani wake na taa yake moja, nyuma wamefunga bodi dogo la magurudumu mawili mnakaa mnaangaliana magoti yanagongana na injini inadunda mpaka meno yanacheza. Haina ratiba, inaondoka ikijaa. Nendeni asubuhi, jioni mnaweza kukosa ya kurudi mkalazimika kukodi nzima.

mgeni_rajkot:
Asante sana dada. Kuna haja ya kwenda na mkalimani? Kihindi changu cha sokoni tu.

bi_somnath:
Kigujarati ndo lugha yao, Kiswahili usitegemee. Kihindi cha sokoni kinatosha kuulizia dargah (kaburi la walii wa Kiislamu) ya Nagarchi Pir, ipo hapo hapo kijijini, anzieni hapo, vueni viatu na msalimie wazee kabla ya kutoa simu kupiga picha. Wamechoka na watalii wa Sasan, kule wanakoenda kutazama simba, wanaotaka kuchezewa ngoma tu halafu waondoke. Embe za kesar mtazikosa, msimu wake ni Mei.